Kiberiti cha Esteri

Kila asubuhi kabla ya shule Esteri alishuka bondeni na ndoo ya lita kumi, akakinga maji kwenye chemchemi, akajitwisha na kuupanda mlima kurudi nyumbani. Mwaka uliopita aliupanda bila kusimama, tena huku anaimba. Lakini masika ya mwaka huo wa 2013 yalipoanza, alijikuta anapumzika mara moja njiani. Baada ya wiki mbili akawa anapumzika mara tatu. Sasa alikuwa hahesabu tena. Alitua ndoo, akashika kiuno, akausikiliza moyo wake ukidunda kifuani kama mtu anayetwanga muhogo kwa hasira.

"Shikamoo, bibi!" Stanislaus, waliyesoma naye darasa la sita, alimpita na dumu lake begani. "Nikukatie mkongojo?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kata miwili, na wewe utazeeka."

Stanislaus akacheka, akaenda zake. Esteri naye alicheka mpaka mvulana yule alipopinda kona, kisha akakaa chini kwenye majani mabichi. Ulimi wake ulikuwa mwepesi, na ulimsaidia kuficha mambo. Alikuwa nayo ya kuficha.

La kwanza ni ule uchovu. La pili lilikuwa baya zaidi, nalo lilikuwa nyuma ya jiko la mama yake.

Jiko lile lilijengwa kwa miti na udongo, kama majiko mengi ya vijiji vya Busunzu. Mvua ikipiga ukuta, udongo ulitoa harufu iliyompendeza Esteri kuliko maharage yaliyoungwa. Mate yalimjaa mdomoni. Siku ya kwanza alibandua kipande kama punje ya hindi, akakilamba tu. Siku ya pili akakitafuna. Sasa palikuwa na shimo kubwa kama bakuli, na mama yake, Mama Jeanne kama alivyoitwa kwa jina lake mwenyewe, alikuwa ameliona.

"Panya wa nyumba hii wamelaaniwa!" alisema, mikono kiunoni. "Panya wa wenzetu wanakula mahindi. Wa kwangu wanakula ukuta! Melkiadi, hebu njoo uone. Utafikiri wana meno ya jembe."

Baba yake Esteri alikuja, akatazama, akakuna kichwa, akaleta mtego. Wakautega kwa dagaa mmoja. Mtego haukunasa panya. Ulimnasa kuku mguu, na Mama Jeanne akawalaani panya upya. Esteri alisimama pale pale, vidole amevikunja ndani ya viganja, kwa sababu kucha zake zilikuwa na udongo.

Kula udongo si jambo geni. Sokoni Kibondo udongo wa kuchoma huuzwa waziwazi, na akina mama wajawazito hununua bila kuona haya. Lakini msichana wa darasa la sita? Mwaka uliopita msichana mmoja wa darasa la saba alionekana analamba bonge la udongo nyuma ya choo cha shule. Wakamwita Mama Kijacho. Wakamtungia na wimbo. Mwisho akahamia kwa shangazi yake Kasulu. Hakuwa na mimba yoyote, lakini nani aliuliza?

Kwa hiyo Esteri alikula udongo wake kimya kimya, akapiga mswaki mara mbili, akaenda shule.

Shuleni alikuwa mtu mwingine. Mwalimu Tharsisi, aliyefundisha Sayansi, alikuwa ameamua kwamba siku ya wazazi mwaka huo darasa la sita wasiimbe ngonjera. Wataonyesha mwili wa binadamu. Walishona viroba vitupu vinane vya unga, wakapata mtu mkubwa kuliko mlango, wakamtundika kwenye ukuta wa darasa. Kisha kila kundi likapewa mfumo wake.

Mapafu yalikuwa maputo mawili. Figo zilikatwa kwenye soli ya ndala kuukuu. Mishipa ya fahamu ilikuwa nyaya nyembamba kutoka kwenye redio iliyokufa, na ubongo ulikuwa dodoki. Utumbo mdogo ulikuwa kamba ya katani ya mita sita, iliyokunjwakunjwa mpaka ikaenea tumboni. Utumbo mpana alipewa Stanislaus, na tangu siku hiyo wenzake walimwita Waziri wa Choo.

"Sawa," alisema Stanislaus. "Lakini waziri akigoma siku tatu, nyote mtakuja kunipigia magoti."

Esteri alipewa moyo. Aliushona mwenyewe kwa kitambaa chekundu, mkubwa kama ngumi yake, akatoa humo nyuzi nyekundu za ateri kwenda kila pembe ya mwili, na nyuzi za bluu za vena kurudi. Hakuna aliyeijua mada kama yeye. Mwalimu Tharsisi akiuliza, mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha.

"Damu inabeba nini, Esteri?"

"Inabeba chakula kilichosagwa kutoka utumbo mdogo, na oksijeni kutoka mapafuni, Mwalimu. Inapeleka mwili mzima. Ikirudi inabeba uchafu. Hewa chafu inatoka kwa pumzi, na uchafu mwingine unachujwa na figo, unatoka kwa mkojo."

"Na damu ikipungua?"

"Moyo unakwenda mbio ili damu kidogo iliyopo izunguke haraka. Na mtu anahema."

"Vizuri. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Alikaa chini anahema, na hata hapo hakujiuliza kitu. Kulijua somo ni jambo moja, na kujua kwamba somo linakuhusu ni jambo jingine.

Juma lililofuata alikuja Bi Mwanaamina, mtaalamu wa maabara wa zahanati ya kijiji. Alikuwa mama wa mjini Kasulu, mwembamba, mwenye ushungi mweupe na maneno machache. Alisema atawapima wanafunzi wote wa darasa la sita minyoo.

"Vikopo vyangu vimekwisha," alisema. "Kesho kila mmoja aje na choo chake ndani ya kiberiti kitupu. Kidogo tu, kama punje ya harage. Andika jina lako juu. Sitaki kiberiti kilichojaa kama mkungu wa ndizi."

Darasa likaangua kicheko. Stanislaus akanyoosha mkono.

"Bi Mwanaamina, hiyo hadubini yako inaona mpaka alichokula mtu jana?"

"Inaona kila kitu," akajibu Bi Mwanaamina bila kutabasamu. "Hata pipi ulizoiba dukani."

Wakacheka tena, wakapiga madawati. Esteri hakucheka. Aliiona ile hadubini mbele ya macho yake, na chini yake ukuta mzima wa jiko la mama yake.

Jioni ile watoto walimsonga Mzee Hamis dukani wakitaka viberiti vitupu. "Kulikoni?" aliuliza. "Mnataka kuichoma shule?" Nyumbani kwao Esteri, Mama Jeanne alimwaga njiti zote kwenye kikombe, akampa kiberiti huku analalamika kwamba njiti zitapata unyevu.

Asubuhi Esteri alikwenda chooni, akatoka, akarudi, akatoka tena. Kiberiti kilikuwa bado kitupu. Pembeni mwa nyumba, mdogo wake Pasikali, wa miaka mitatu, alikuwa amemaliza shughuli yake kwenye kopo, anaita kwa sauti, "Tayariii!"

Esteri alitazama huku na huku. Akaokota kijiti. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Akafunga kiberiti, akabandika karatasi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Esteri Melkiadi, Darasa la VI.* Kisha akamsafisha mdogo wake, naye akamshukuru kwa kumkumbatia shingo.

Baada ya siku mbili Bi Mwanaamina alirudi na majibu. Hakuyasoma mbele ya darasa. Aliwaita mmoja mmoja nje, penye kivuli cha ukuta. Wanafunzi ishirini na watatu walikutwa na minyoo wakapewa dawa. Stanislaus alikuwa mmojawapo, akarudi darasani kifua mbele.

"Baba yangu hana hata ng'ombe mmoja," alitangaza, "kumbe mimi ni mfugaji mkubwa."

Zamu ya Esteri ilipofika, Bi Mwanaamina alimtazama usoni kwa muda, akatazama daftari lake, akamtazama tena.

"Umepauka, binti. Lakini choo chako ni safi. Sijaona hata yai moja. Unakula vizuri?"

"Ndiyo."

"Unajisikiaje?"

"Vizuri tu."

Majibu mawili, na yote mawili ya uongo. Esteri alirudi darasani amepona kile alichokiogopa, na bado anaumwa kile kinachomuumiza.

Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa. Darasa lilijaa vitenge na makoti. Mama Jeanne alikaa mbele, Pasikali mapajani, na mzee Melkiadi alisimama mlangoni akiwa ameshikilia baiskeli yake kwa mkono mmoja, maana aliitumia kupeleka ndizi Kibondo na hakupenda kuiacha mbali. Makundi yalipita. Waziri wa Choo alichekesha watu mpaka mwenyekiti wa kijiji akajifuta machozi. Kisha Esteri akachukua fimbo, akasimama mbele ya mtu wa viroba.

"Moyo ni msuli," alianza. "Upande wa kulia unasukuma damu kwenda mapafuni kuchukua oksijeni. Upande wa kushoto unaisukuma..."

Masikio yake yakaanza kuvuma. Aliziona nyuzi nyekundu na za bluu zikichanganyika. Akanyoosha mkono ashike kitu, akashika kiroba. Alikwenda chini na mwili wote wa binadamu juu yake: mapafu yakapasuka moja baada ya jingine, dodoki likabingiria, na kamba ya mita sita ikamfunika uso.

Alipozinduka alikuwa kwenye kitanda cha zahanati. Mganga alikuwa anamvuta kope ya chini.

"Ndani kweupe kama karatasi," alisema mganga. "Kipimo cha malaria hakina kitu. Damu yake ni kama nusu ya ile inayotakiwa. Bi Mwanaamina, minyoo je?"

Bi Mwanaamina alifungua daftari. "Nilimpima juma hili hili. Safi."

Mganga akaweka chombo cha kusikilizia kifuani kwa Esteri, akasikiliza muda mrefu. "Moyo unakwenda mbio, tena unavuma. Kama si malaria wala minyoo, basi lazima tuutazame moyo wenyewe. Mama, nitawaandikia barua. Mtaanzia hospitali ya Kibondo. Wakiona kweli ni moyo, watawapeleka mbali, nje ya mkoa. Jiandaeni."

Esteri alifungua mdomo. Mama yake alikuwa pale, midomo ameikaza. Mwalimu Tharsisi alikuwa pale. Dirishani palijaa vichwa vya wazazi na watoto, na kati yao kichwa cha Stanislaus. Esteri akaufunga mdomo.

Kesho yake asubuhi hakutumwa maji. Alilala kwenye mkeka mlangoni, akamwona baba yake ameipindua baiskeli chini juu. Aliosha tairi, akaupaka mnyororo mafuta, akaifuta kengele kwa shati lake mpaka ikang'aa. Hakuwahi kuifuta kengele ile hata siku moja.

"Baba, unakwenda sokoni leo? Jumamosi si siku ya soko."

"Kuna mtu anakuja kuitazama," alisema mzee Melkiadi, bila kugeuka. "Ni baiskeli tu. Ndizi hazihitaji magurudumu. Nitazibeba kichwani. Wewe pumzika."

Esteri aligeukia ukutani. Baba yake alikuwa anauza miguu yake ili watu wa mbali wauchunguze moyo usio na kosa. Na ni yeye aliyewaelekeza huko, kwa kiberiti kimoja. Uso ulimwaka moto kama ameinamia jiko.

Aliinuka polepole, akashika ukuta, akaenda kumtafuta mama yake.

Mama Jeanne alikuwa nyuma ya jiko amepiga magoti, anaziba lile shimo kwa udongo mbichi. Alikuwa akiupiga udongo kwa kiganja, pa, pa, pa, kama anayemwadhibu mtu. Esteri alidhani ana hasira. Kisha akaona mabega. Mama Jeanne, ambaye hakulia hata siku alipokatwa na jembe mguuni, alikuwa analia peke yake, huku anaziba.

"Mama, acha."

"Rudi ukalale." Akajifuta uso kwa mkono wa gauni. "Panya hawa sitawaachia nyumba eti kwa kuwa naondoka."

"Mama, panya ni mimi."

Mkono wa mama yake ukasimama ukutani. Esteri alisema yote, haraka, kabla hajapata nafasi ya kubadili nia: udongo, tangu masika yaanze, kila siku, Mama Kijacho na wimbo wake, hadubini inayoona kila kitu, kopo la Pasikali, kijiti, kiberiti.

Kuku mwenye mguu mbovu alipita kati yao akichechemea.

"Umesema kiberiti kile kilikuwa cha nani?"

"Cha Pasikali."

"Pasikali aliyepewa dawa ya minyoo na matone ya vitamini Desemba, kwenye kampeni ya watoto wadogo?"

"Yego, Mama," Esteri aliitikia.

"Pasikali asiyetoka uwanjani kwangu bila ndala?"

"Yego."

Mama Jeanne alisimama. Esteri akafumba macho akisubiri kofi. Halikuja. Mama yake alinawa mikono ndani ya beseni, akajikung'uta, na akapaza sauti iliyosikika mpaka bondeni.

"Melkiadi! Baiskeli haiuzwi! Ipindue, umpakie mtoto!"

Bi Mwanaamina aliyasikiliza maneno ya Esteri mpaka mwisho, kalamu mkononi. Hakugomba. Ingekuwa nafuu kama angegomba.

"Ninapima vitu mia kwa juma," alisema. "Damu, choo, mkojo, makohozi. Vyote havina mdomo. Jina lililoandikwa juu ndilo linaloniambia ni nani. Ukiniandikia jina la uongo, mimi nakuwa mwongo kwa mganga, na mganga anakuwa mwongo kwa wazazi wako. Na kosa langu ni lile la darasani. Ule ulikuwa utani, nilipaswa kusema hivyo. Hadubini haioni ulichokula. Chukua hiki kikopo."

Safari hii Esteri alikwenda chooni peke yake, akarudi akiwa na kilicho chake. Alikiweka mezani.

Baada ya muda Bi Mwanaamina alimwita. "Njoo uchungulie."

Esteri akaweka jicho. Ndani ya duara la mwanga aliona vitu vya mviringo, virefu kidogo, vyenye ganda jembamba kama la kioo. Kimoja, viwili, vitano.

"Mayai ya minyoo ya safura," alisema Bi Mwanaamina. "Ni mengi mno. Wewe ndiye mwalimu wa moyo, nimesikia. Haya, nikuulize. Unapolima maharage bondeni, unavaa ndala?"

"Hapana. Zinanasa kwenye tope. Nazishika mkononi zisikatike."

"Vidole vya miguu viliwahi kuwasha?"

"Sana. Kabla ya masika kukolea."

"Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Kiluwiluwi cha safura, yaani mnyoo mchanga, huishi kwenye udongo wenye unyevu, pale mtu alipojisaidia porini. Hutoboa ngozi ya mguu. Kinaingia mfumo gani?"

Esteri alifikiri. "Wa damu. Kwenye vena. Vena zinarudi kwenye moyo, upande wa kulia." Akaendelea polepole, maana sasa alikuwa anaiona njia. "Moyo unasukuma damu kwenda mapafuni. Kwa hiyo nacho kinafika mapafuni."

"Kinatoka kwenye damu, kinapanda na makohozi mpaka kooni. Nawe unafanya nini?"

"Namezaaa..." Esteri alikunja uso.

"Unameza. Kinashuka tumboni, kinafika utumbo mdogo, kinakuwa mnyoo mzima, kinauma ukuta wa utumbo na kunywa damu. Wako wengi, kila siku wanakunywa. Damu ikipungua, oksijeni nani ataibeba? Misuli inachoka. Mapafu yanahema. Moyo unakimbia mpaka unavuma. Moyo wako hauumwi, binti. Unafanya kazi ya mioyo miwili."

"Na udongo?" aliuliza Mama Jeanne. "Ndio uliomletea?"

"Hapana, mama. Mwili uliopungukiwa damu mara nyingi hutamani vitu visivyo chakula. Udongo ni dalili. Lakini nao ni mbaya, maana waweza kuleta minyoo ya aina nyingine na kuzuia chakula kisiongeze damu. Angesema tu kwamba anatamani udongo, ningejua pa kutazama siku ya kwanza."

Mama Jeanne alitazama chini. "Hapo na mimi nina langu," alisema. "Tukiwa shamba la bondeni, mimi ndiye ninayewaambia watoto waende kule migombani kujisaidia. Kupanda mpaka nyumbani ni mbali. Hivyo ninawaambia wapande minyoo, kisha nawaambia wapalilie peku."

Mganga alimpa Esteri dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma vya kumeza kila siku. Alisema ale maharage, dagaa na mboga za majani, na baada ya kula apate chungwa. Barua ya Kibondo aliiweka ndani ya mtoto wa meza. "Tumpe mwezi mmoja. Moyo ukiwa bado unavuma, tutaitoa."

Kabla hawajaondoka Esteri alimvuta Bi Mwanaamina pembeni. "Utawaambia shuleni?"

"Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Mimi sitasema." Bi Mwanaamina alifunga daftari lake, baada ya kuandika upya mbele ya jina la Esteri. "Lakini nusu ya darasa lenu wanalima lile bonde."

Mwezi ulipita. Barua haikutoka ndani ya meza. Mganga alisikiliza moyo, akasema uvumi umekwisha, lakini vidonge aendelee navyo. Mzee Melkiadi alichimba choo kule shamba la bondeni, akakizungushia majani ya migomba, na majirani waliomcheka mwanzoni sasa walikitumia kuliko yeye. Hamu ya udongo iliondoka kama ilivyokuja, bila kuaga.

Kilichobaki ni aibu. Hiyo haina kidonge. Kila Stanislaus alipouliza, "Hivi bibi, ulianguka kwa sababu gani?", Esteri alisema, "Jua kali," na kila alipolisema aliuona ukuta, na mabega ya mama yake.

Mwalimu Tharsisi alipowaita wazazi tena, kuzungumzia choo kipya cha shule, alisema darasa la sita watamaliza onyesho lao. Esteri alimwomba sindano na uzi mweusi. Alikaa peke yake mchana kutwa na mtu wa viroba.

Siku ilipofika, wazazi waliona mstari mweusi uliokuwa haupo zamani. Ulianzia kwenye wayo, ukapanda mguuni, ukapita moyoni, mapafuni, kooni, ukashuka mpaka kwenye ile kamba ya katani.

"Hii ni njia ya mnyoo wa safura," alisema Esteri. Aliufuata mstari kwa fimbo. "Imepita kwenye ngozi, damu, hewa na chakula. Mifumo minne, kwa sababu hakuna mfumo unaoishi peke yake. Naijua kwa kuwa imepita kwangu." Akaugusa moyo kwa fimbo. "Mlinipigia makofi kwa moyo huu, na wangu nilikuwa siujui. Nilikula udongo. Niliona aibu, nikapeleka choo cha mdogo wangu badala ya changu. Baba alikaribia kuuza baiskeli yake kwa ugonjwa ambao sikuwa nao."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, kicheko kile kile cha Mama Kijacho.

"Nini sasa?" Stanislaus alimgeukia. "Mimi ni mfugaji na Waziri wa Choo, na kucheka mlimaliza. Esteri, karibu chamani. Viti viko vingi."

Watu wakacheka, lakini kicheko hiki kilikuwa cha namna nyingine. Msichana mmoja wa darasa la tano, aliyekaa karibu na dirisha, alikunja vidole vyake akavificha ndani ya viganja. Esteri alimwona. Mama Jeanne naye alimwona.

Mama Jeanne akasimama. Hakuombwa kusema, lakini yeye hakuwa mtu wa kuombwa.

"Mimi ndiye mwenye ule ukuta," alisema. "Nitasema kifupi, nina maharage jikoni. Nilitega panya mwezi mzima, kumbe panya analala kitandani kwangu na ananiita mama. Sikumpiga. Mtoto akificha ugonjwa, mzazi ajiulize kwanza kwa nini kijiji kinamcheka mgonjwa. Tumbo, choo, mkojo, damu, hivyo ni viungo na kazi zake. Hakuna mwenye tumbo la heshima kuliko la mwenzake. Lakini ninyi watoto nanyi msikie: aibu ya kusema ni ya dakika moja. Esteri amesema, na bado amesimama. Uongo wa kiberiti kimoja ulitaka kutumalizia nyumba. Anayeumwa aseme. Anayepima apewe cha kweli. Na anayekwenda bondeni avae ndala, zikinasa kwenye tope azivute." Akamnyooshea kidole yule msichana wa dirishani, bila ukali. "Wewe, mwana wanje, mwanangu, tukitoka hapa utanisindikiza. Tunapita njia moja, na zahanati iko njiani."